Kufundisha sarufi: kuanza akiwa na miaka 6 au 9?

Mtoto wa miaka 6 anayefundishwa nyumbani anaweza kukariri maana ya nomino na kitenzi, tena kwa furaha. Faida ya kuanza mapema ni hiyo: istilahi zinazoeleka. Lakini muulize kwa nini tunasema "kiti kimevunjika". Atajibu ndivyo inavyosemwa. Kanuni anayo tayari mdomoni.

Ukingoja hadi miaka 9 au 10, atakuwa ameshaandika sentensi zake mwenyewe, na hapo ngeli zinapata kazi: anazitumia kusahihisha alichoandika. Mimi nachagua kungoja. Miaka ya mwanzo msomee hadithi kwa sauti, kisha akusimulie. Nukta na herufi kubwa tu ndizo zisisubiri. Zianze na sentensi yake ya kwanza.