Undertale: gemu linalokumbuka ulichofanya hata ukishafuta

Nimemaliza Undertale kwa mara ya pili wiki iliyopita na bado linanizunguka kichwani, so acha niandike kabla halijapoa. Onyo mapema kabisa: humu nataja mambo ya ndani ya hadithi, kama hujalicheza na unataka ukutane nayo mwenyewe basi acha kusoma saa hii, kacheze kwanza alafu urudi.

Kwa wasiolijua, ni RPG (gemu la hadithi ambalo unacheza kama mhusika mmoja) iliyotoka Septemba 2015, kazi ya Toby Fox ambaye aliandika hadithi, akatunga muziki, na sehemu kubwa ya gemu akaitengeneza mwenyewe, Temmie Chang ndo akamsaidia sana kwenye michoro. Hela zilichangwa na watu mtandaoni kupitia Kickstarter mwaka 2013, kama dola elfu 51 hivi, hela ndogo sana kwa gemu. Picha zake ni za vidoti vidoti kama magemu ya zamani, kompyuta yoyote ya kawaida inalibeba. Wewe ni mtoto uliyedondoka ndani ya mlima, ukajikuta kwenye nchi ya mazimwi ambao binadamu waliwafungia huko chini baada ya vita, na unatafuta njia ya kutoka. Mwanzoni ni hivo tu.

Sasa, magemu ya aina hii tangu Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa mwaka 1974, yametuzoesha kitu kimoja: piga adui, pata pointi, panda leveli, uwe na nguvu, katafute adui mkubwa zaidi. Nimeyacheza miaka mingi na siyasemi vibaya hata kidogo, yamenifundisha subira, manake kuna bosi, yaani adui mkubwa wa sehemu fulani, anakufumua leo unarudi nyuma unajinoa siku tatu unaenda tena unamuweza, na ile raha haielezeki. Lakini ukiangalia vizuri pale kinachokua ni namba. Mi mchezaji naweza nikabaki vilevile kabisa, na kila kiumbe kinachotembea nakiona ni pointi tu zinazonisubiri.

Undertale linaigeuza hiyo. Ukikutana na zimwi kunatokea kiboksi, ndani yake kuna moyo mdogo mwekundu ambao ndo wewe, unakwepa vinavyorushwa, na chini kuna vitufe vinne: pigana, tenda, vitu, huruma. Kila zimwi lina namna ya kumalizana nalo bila kuliua ila inabidi ulisome kwanza, ujue lina shida gani. Kuna mzimu mmoja mnyonge kazi yake kulia, na machozi yake ndo silaha yake yanakuangukia, lakini ukikaa naye ukamchangamsha kidogokidogo anafika mahali anayarusha juu yale machozi yanajipanga kichwani yanakuwa kofia, alafu anakuuliza umeipenda. Kuna mwingine mwimbaji mwenye aibu, wewe mwimbie tu kwa kuguna, naye taratibu anaanza kuimba. Ukiwaacha wakaenda zao, pointi za uzoefu hupati hata moja.

Sasa kilichonikamata. Mwanzoni kabisa unapokelewa na Toriel, mama mmoja mpole ajabu, anakushika mkono kwenye mitego, anakupa chumba, anakuokea pai. Ukitaka kuondoka anakuzuia, anasema huko mbele utauawa, na inabidi mpambane. Nilijaribu kuongea naye mara mbili tatu, haikusaidia, kwa hiyo nikafikiri kama nilivyozoea, nitampunguza nguvu kidogo akichoka nitamhurumia, si ndo magemu yote yalivyo. Nikampiga, nikampiga tena, uhai wake ukafika mahali nikasema bado moja tu ndo nimsamehe, na lile moja likamtoa uhai wote uliobaki kwa mkupuo. Alikufa mbele yangu huku ananiambia niwe mtoto mzuri.

Nilishtuka, nikafunga haraka, nikafungua tena pale nilipokuwa nimesevu. Safari hii nikabonyeza huruma, na huruma, na huruma tena, yeye anarusha moto mi nakwepa tu, na uhai wangu ulipokaribia kuisha nikaona mioto yake inanikwepa, yaani anayepigana na mimi ndo anahakikisha sifi. Mwisho akakubali, akanikumbatia, akaniachia njia. Nikavuta pumzi nikajua limekwisha.

Mbele kidogo kuna ua moja lenye sura, linaitwa Flowey, likaniambia najua ulichofanya, ulimuua, alafu ukarudi nyuma kwa sababu ulijisikia vibaya. Nilibaki nimekodolea skrini. Miaka yote hii kusevu na kurudi nyuma kwangu ilikuwa ni kama kifutio, ukikosea unafuta hakuna aliyeona, na hapa gemu lenyewe linaniambia lilikuwepo.

Na nitasema ukweli lilinigusa nje ya gemu pia. Kuna rafiki niliwahi kumwangusha siku aliyokuwa ananitegemea, nikaomba msamaha, akanisamehe, kwangu mi nikaona faili limefungwa. Baadaye sana ndo nikagundua kuwa kila tukipanga kitu ananiuliza mara mbili kama kweli nitakuja. Nilikuwa nakasirika kimoyomoyo, nasema si tulishamaliza. Baada ya Toriel nikaelewa kwamba hanihukumu, anakumbuka tu, na kukumbuka ni haki yake. Wajibu wangu ni kutokea kila nikisema nitatokea, hadi siku aache kuuliza mwenyewe, na asipoacha pia sawa.

Karibu na mwisho kuna zimwi moja la mifupa mitupu linaitwa Sans, muda wote alikuwa anapiga soga na kutaniana na wewe, ghafla anakusimamisha kwenye korido na kukuhesabia matendo yako. Pale ndo unaambiwa zile pointi ulizokuwa unakusanya maana yake nini: ni kipimo cha maumivu uliyowasababishia wengine, na leveli ni kipimo cha ukatili wako, kadiri inavyopanda ndivyo inavyokuwa rahisi kujitenga na unachofanya na kuumiza tena. Usipoua hata mmoja unafika pale ukiwa leveli 1 na uhai 20, uleule wa dakika ya kwanza. Mtoto wa kwenye skrini hajaongezeka kitu. Aliyeongezeka ni mimi, macho yamejua kusoma, vidole vimejua kukwepa, na nimejifunza kuuliza huyu ana shida gani kabla sijamgusa. Sijawahi kuona gemu likisema hilo wazi namna hii, na nadhani ndo kitu chake kikubwa kuliko vyote.

Ila vinavyonibaki moyoni ni vile vidogo ambavyo hakuna anayekulazimisha. Undyne, mwanamke shujaa wa jeshi lao, anakukimbiza kwa mikuki sehemu nzima mpaka mnaingia eneo la joto kali, na yeye yuko ndani ya deraya, anaanguka palepale kwa joto. Njia iko wazi unaweza ukaenda zako. Pembeni kuna mtungi wa maji na vikombe. Hakuna mshale wala maandishi ya kukuambia fanya nini, ni wewe na kikombe na mtu aliyekuwa anakuua sekunde kumi zilizopita. Nilichota nikammwagia, akainuka, akaniangalia, akageuka akaondoka bila neno.

Alafu kuna yule wa theluji. Kule kwenye msitu wa baridi kuna mtu wa theluji, hawezi kutembea, anakuomba uchukue kipande chake ukipeleke mbali sana ili walau sehemu yake iione dunia. Kipande hicho kinalika, kinarudisha uhai 45 wakati wewe una 20 tu, yaani ukizidiwa popote kinakuponya mzima mzima. Na mfuko wako una nafasi 8 tu. Kwa hiyo kila bosi, kila nikibakiwa na uhai 2 au 3, nilikuwa nafungua mfuko nakiona kipo pale. Kwenye mchezo wa kwanza nilikila, nikarudi kwake, akaniuliza umekipoteza? akanipa kingine akaniomba niwe mwangalifu. Kuomba tu, hakuna adhabu. Mara ya pili nilikufa nacho mfukoni sijui mara ngapi, sikukigusa.

Kasoro zipo nisifiche. Kukwepa kuna sehemu kunakuwa kugumu mno, Undyne alinimaliza jioni nzima, na mtu asiyezoea magemu ya vidole vya haraka anaweza kukata tamaa kabla hajafika kwenye uzuri. Mafumbo mengi ni mepesi au yanakwisha kwa utani, eneo la joto ni refu na unazunguka sana, na maandishi rasmi ni Kiingereza na Kijapani tu wakati gemu lote ni maneno, hapo Kiingereza kikikupiga chenga unakosa nusu ya utamu. Pia kuna njia ya kuua kila kitu, ambayo ukiifuata miji inabaki mitupu, na ukimaliza dunia inafutwa, ukiitaka tena unaidai kwa kutoa roho yako na kuanzia hapo hata mwisho mzuri unakuwa na doa. Watu wanaisifu kwa bosi wake mgumu, mi sijaicheza na sitaicheza, sioni cha kutafuta kule.

Kama una mdogo wako au mtoto anayependa magemu, mwachie acheze mwenyewe, usimwambie Toriel anapitwaje. Mwache akosee. Kaa karibu tu ili ukisikia kimya pale Flowey anapomaliza kuongea uwe na muda wa kuzungumza naye.

Mi kwangu nilipata ule mwisho mzuri kabisa, na gemu linakupa nafasi ya kuzunguka kuaga kila mtu kabla hujatoka. Nilitembea mpaka kule kwenye theluji, kipande bado kiko mfukoni. Siku iliyofuata nikafungua gemu tena, nikamkuta Flowey ananisubiri, ananiomba nisianze upya, wote wako na furaha huko juu, na kitu pekee kinachoweza kuwanyang'anya hiyo furaha ni mimi. Nikalifunga. Nilipotaka kucheza tena ili niandike hii, nimecheza kwenye kompyuta nyingine.