Wametupeleka kwenye seli ya Toussaint Louverture, kisha wakatufukuza

Kampuni hii ya matembezi haipati senti yangu tena. Nimejaribu kutulia kabla ya kuandika, imeshindikana.

Tangazo lao lilisema "ngome ya Joux na historia yake". Anayemjua Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, akiliona jina la Joux moyo unamshtuka, maana ndiko alikofungwa na ndiko alikofia. Nikalipa, nikamlipia na shemeji, mke wa kaka, pamoja na mwanawe. Tukatoka Lausanne asubuhi, mwaka jana joto lilipoanza.

Mahali penyewe hapana kasoro. La Cluse-et-Mijoux ni kijiji kidogo cha Ufaransa kwenye milima ya Jura, kusini kidogo ya Pontarlier, karibu na mpaka wa Uswisi. Mlima umekatika ukaacha upenyo mwembamba, barabara na reli zinabanana humohumo. Ngome iko juu ya mwamba upande mmoja, na ng'ambo ya pili kuna ngome nyingine inayotazamana nayo. Ukisimama pale unaelewa mara moja: aliyekaa juu ndiye aliyeamua nani apite. Vauban, mhandisi wa ngome wa mfalme Louis XIV, aliiimarisha baada ya Ufaransa kulitwaa jimbo la Franche-Comté mwaka 1678, na karne ya 19 ikajengwa tena kwa ajili ya mizinga ya kisasa. Hayo mwongozaji wa kampuni aliyaeleza vizuri, sina ugomvi naye hapo.

Tukafika kwenye kitundu cha Berthe. Hekaya inasema bwana wa ngome alirudi kutoka Vita vya Msalaba akamkuta mkewe, Berthe, na mwanamume mwingine, akamfungia humo. Hapo mwongozaji akakolea! Akabadilisha sauti, akaigiza kilio, akasubiri watu wapige picha, akarudia tena kwa waliochelewa.

Kwenye seli ya Toussaint akaangalia saa. "Hapa alifungwa jenerali mmoja Mweusi, akafa kwa baridi. Haya twendeni, basi linasubiri."

Jina hakulitaja.

Nikamwomba kwa adabu atupe dakika chache. Akanijibu mbele ya watu wote kwamba nikitaka mhadhara niende chuo kikuu. Shemeji akanivuta shati ninyamaze. Sikunyamaza, na ningekuwa pale leo nisingenyamaza.

Jenerali mmoja! Mtu aliyezaliwa mtumwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, akaongoza jeshi la watu waliojikomboa, Waingereza wakaondoka kisiwani mwaka 1798, akatoa katiba mwaka 1801. Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, akatuma jeshi. Juni 1802 wakamwita kwenye mazungumzo, wakamkamata hapohapo, wakamvusha bahari, na Agosti wakamfikisha huku milimani. Mars Plaisir, mtumishi aliyekuja naye, wakamtenganisha naye. Jenerali Caffarelli akatumwa kumhoji eti ameficha wapi hazina. Toussaint akamwandikia Bonaparte akidai haki yake, hakujibiwa, na mwisho wakamnyang'anya hata kalamu na karatasi. Tarehe 7 Aprili 1803 alikutwa amekufa, ameketi karibu na meko. Alizikwa humohumo ngomeni na mabaki yake yakapotea. Haikutimia hata miezi tisa, 1 Januari 1804, Haiti ikatangaza uhuru.

Hayo yote yanasemwa kwa dakika tatu. Kilio cha Berthe kilichukua muda zaidi.

Wenzetu walipokuwa wanasukumwa kutoka, sisi watatu tulibaki ndani. Dari ni la mawe yaliyojengwa kama tao, mwanga ni haba, meko ni dogo. Nje tulikuwa tunatokwa jasho, humo mtoto alianza kujikunyata. Akaweka kiganja ukutani, akakitoa kimelowa, akakifuta kwenye suruali. "Baba mdogo, theluji ikianguka alikuwa humu?" Nikamwambia ndiyo, msimu mzima wa baridi. Honi ya basi ikalia. Ikalia tena.

Nilikuwa nimeamua niandike kwamba msiende. Nimelifuta hilo. Nendeni, na watoto muwachukue, ila fikeni Pontarlier kwa njia zenu na muwafuate waongozaji wa ngome yenyewe. Angalieni tu kwanza, maana wakati wa baridi hufungwa. Na kama mtu hana njia nyingine kabisa isipokuwa basi la hawa? Nimelifikiria sana hili. Basi apande, seli ile ni lazima ionwe. Lakini asitoke anapoambiwa atoke. Hawawezi kumwacha mlimani.

Nilipowalalamikia walinijibu kwamba ratiba ilifuatwa kama ilivyopangwa, wakanipa punguzo la safari nyingine. Punguzo silitaki. Nimewarudishia jibu: wabadilishe mwongozaji wa njia hiyo, au neno historia waliondoe kwenye tangazo.