Kifaa cha OBD cha Bluetooth kwenye Vitz inayochemsha: uzoefu wangu

Wenye Vitz ya 2008 kama yangu mnajua kwamba dashibodi yake haina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya injini iliyochemka, basi. Katikati hapo unaendesha bila kujua kama uko nyuzi 85 au 108. Gari likishaanza kuchemsha hilo ni hatari kweli, kwa sababu hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu hupinda upesi, na taa nyekundu huwaka mambo yakiwa yameshafika pabaya.

Kifaa cha OBD, yaani cha kusoma taarifa za kompyuta ya gari, nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Kimeandikwa ELM327. Chipu ya jina hilo ilibuniwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga shughuli zake mwaka 2022, na vingi vinavyouzwa kwa bei hii ni nakala. Changu pia ni nakala, na kwa kusoma joto kinanitosha. Unakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unafungulia swichi, unakiunganisha na simu kwa namba ya siri 1234, halafu kwenye programu ya Torque unaweka kipimo cha joto la kulanti (kimiminika cha kupozea injini) kiwe kikubwa katikati ya skrini. Nina simu ya Android. Wenye iPhone tafuteni cha Wi-Fi, au cha Bluetooth kilichoandikwa wazi kwamba kinakubali iPhone.

Sasa hali ya gari. Lilikuwa linachemsha kwenye foleni. Fundi wa kwanza alitoa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) akisema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Likaendelea kuchemsha. Fundi wa pili akasema gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, tufungue hedi ikasawazishwe, na makadirio yake yalikaribia laki sita. Pesa hiyo sikuwa tayari kuitoa kwa kukisia.

Namba zilianza kuongea mapema. Alfajiri, Barabara ya Bagamoyo ikiwa nyeupe, mwendo wa 80, joto lilikaa kati ya 68 na 72. Hiyo ni baridi mno: thamostati huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na injini nzima hukaa 85 hadi 95. Jioni kwenye foleni ya Mwenge ikawa kinyume chake: 90, 95, 99, ilipogusa 103 nikaegesha na kuzima. Na kila foleni iliposogea kidogo, upepo ukipita kwenye rejeta, namba ilishuka yenyewe.

Hapo ndipo wazo la gasketi lilipoanza kunitoka. Gasketi iliyoungua huumiza gari zaidi likibeba mzigo, mlimani au kwenye mwendo mkali, na maji hupungua bila kuonekana yanakovujia. Langu lilikuwa linatulia barabarani na kupanda likisimama. Kinachotofautiana hapo ni upepo tu. Hata hivyo, ili kuhakikisha gasketi ni nzima, injini ikiwa baridi nilifungua mfuniko wa rejeta, nikawasha na kuangalia: hakuna mapovu yanayopanda mfululizo. Oili haikuwa na rangi ya maziwa, na sailensa haikutoa moshi mweupe. (Mfuniko huo usiuguse injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanakurukia usoni.)

Nikahamia kwenye feni. Niliwasha kiyoyozi, na feni haikuzunguka, ingawa ilipaswa. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikachomoa soketi ya mota ya feni na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili: ikazunguka kwa nguvu. Mota ikawa haina hatia. Mwisho nikabadilishana rilei ya feni (swichi ya umeme inayoiwasha) na nyingine ya aina ileile ndani ya boksi la fyuzi, nikawasha kiyoyozi, feni ikaanza. Rilei ya mtumba nimeipata kwa shilingi 10,000. Thamostati mpya nimeirudisha mahali pake, na nimejaza kulanti badala ya maji ya kisima, ambayo kwa chumvi ya hapa Dar hula rejeta kwa ndani.

Leo barabarani nasoma 86 hadi 91. Foleni inapanda hadi 96, feni inaingia, inashuka. Taa ya bluu, ambayo gari likiwa halina thamostati ilikuwa ikichelewa sana kuzima, sasa inazima haraka, na mafuta yanakwenda taratibu zaidi. Injini inayokaa kwenye nyuzi 70 hudungiwa petroli ya ziada, na ndiyo sababu nawasihi: msikubali thamostati itupwe.

Kifaa chenyewe kina mipaka. Hakikuonyesha msimbo wowote wa kosa kuhusu rilei. Niliipata kwa kufuata namba. Kinasoma sensa tu, na maji yakiisha kabisa sensa ikabaki kwenye hewa, inaweza kukuonyesha joto la chini wakati injini inaungua. Kwa hiyo kiwango cha maji kikague kwa macho kila asubuhi. Changu hukatika mawasiliano mara mojamoja, na ikabidi nikichomoe na kukirudisha. Magari ya soko la ndani la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengine hayasomeki nacho kabisa, kwa hiyo mwombe muuzaji ukijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Na gari likilala siku kadhaa, kichomoe, kwa sababu kinaendelea kunywa betri hata swichi ikiwa imefungwa.