Lotus Seven ya 1/24: gundi ni mchezo, kazi iko kwenye rangi

Nimemaliza kuunganisha Lotus Seven Series 2 ya plastiki, kipimo cha 1/24, na nasema mapema: inunue, ila isiwe modeli yako ya kwanza.

Gari lenyewe, la michezo la Uingereza, ni dogo hata likiwa la kweli. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilitoa mwaka 1957, Series 2 ikafuata 1960, na uzito wake haufiki kilo 500. Ukilipunguza mara 24 unabaki na kitu cha sentimita 14 hivi. Halina milango wala paa la bati, na magurudumu ya mbele yako nje pamoja na vyuma vinavyoyashikilia. Modeli ya gari la kawaida ukiiharibu ndani, unafunika na bodi, yameisha. Hii kila kitu kiko hadharani.

Vyuma hivyo vya mbele ni vyembamba kama njiti za kiberiti zilizochongwa. Usivinyofoe kwa mkono kutoka kwenye fremu ya plastiki vinakokuja navyo. Vikate kwa koleo ndogo ukiacha kipande kidogo, kisha malizia kwa wembe na msasa laini. Gundi yangu ni Tamiya Extra Thin, ile ya kifuniko cha kijani: unagusisha brashi kwenye ungio, inajivuta yenyewe.

Sasa rangi. Bodi ya gari halisi ni alumini, na wengi waliiacha hivyo hivyo bila rangi, lakini pua na madigadi ni fiberglasi. Ukipuliza kopo moja gari zima, umetengeneza mchezo wa mtoto. Mimi nilianza na nyeusi inayong'aa, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikapuliza kopo la Tamiya TS-17, rangi ya alumini, tabaka jepesi jepesi. Weusi wa chini ndio unaofanya macho yaamini kuwa ni bati. Pua na madigadi nikayapaka pembeni kwa TS-9, kijani cha Kiingereza, nikayabandika mwisho. Kioo cha mbele kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, maana ile ya papo hapo huacha ukungu mweupe usiotoka.

Stika za maji, zile za kulowesha kabla ya kubandika, zimeniudhi: nene, kingo zinaonekana. Nimezitumia za dashibodi tu. Nyota nne basi, sio tano.

Na kama kuna gari linalostahili kuja kwa vipande, ni hili. Uingereza ya wakati ule gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, la vipande likaikwepa, kwa hiyo watu walinunua Seven wakaenda kujiunganishia gereji ya nyumbani. Kodi ile ilifutwa 1973, VAT ikaingia, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuliunda.

Yangu inakaa kwenye kasha angavu mbali na dirisha. Vumbi nalitoa kwa brashi laini ya vipodozi, kamwe si kitambaa, kitanasa kwenye taa na kuondoka nazo. Ukilinyanyua, shika chini ya bodi.

Kwa wanaokusanya boksi za zamani ambazo hazijafunguliwa: muulize muuzaji matairi yamewekwaje. Mpira laini ukigusana na plastiki miaka mingi huiyeyusha, na rimu au kioo kilicholiwa hivyo hakirudi.