Tuzo ya Rais, ngazi ya Shaba: maoni ya mzazi wa Malindi

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Skafu za skauti na fulana za klabu za shule hupita mikononi mwangu kila mwanzo wa muhula, kwa hivyo najua ni shule gani ina klabu za kweli na ipi ina fulana tu.

Kijana wangu alianza na chama cha mjadala, kidato cha kwanza. Tulilipa pesa ya fulana, pesa ya beji, na pesa ya basi la mashindano ambayo hayakufanyika. Mwalimu mlezi alihamishwa, hakuna aliyeshika nafasi yake. Beji ingali mpya.

Kidato cha pili akaingia Tuzo ya Rais, mpango wa vijana wa kujitolea, ustadi, mazoezi na safari, unaopandwa kwa ngazi kuanzia Shaba. Wengi hudhani hii ni zawadi ya wanaoongoza darasani. La. Iko Kenya tangu 1966, tawi la mpango ulioanzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, mumewe Malkia Elizabeth, na haiulizi alama za mtihani hata kidogo. Binamu yake aliye Marekani ameingia National Honor Society, chama cha heshima cha wanafunzi kilichoanza 1921. Huko sharti kwanza uwe na alama za juu, ndipo walimu watazame utumishi, uongozi na tabia yako. Ni heshima, sikatai, lakini mwanangu wa alama ya C angeishia mlangoni.

Ngazi ya Shaba huanza miaka 14. Mtoto hujichagulia kazi ya kujitolea, ustadi na mazoezi ya mwili. Kila moja huenda saa moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kisha huchagua mojawapo aiendeleze miezi mitatu zaidi. Wangu alijitolea kuwasomesha hisabu watoto wa chuoni, yaani madrasa, Jumamosi asubuhi. Ustadi akaufuata kwa ami yake ufukweni, kufungua na kufunga mashine za boti. Mazoezi ni mpira, na hapo sikuona jipya.

Kilichonikuna ni hii habari ya sahihi. Kila kilichofanywa huandikwa, na mtu mzima anayeijua kazi hiyo athibitishe. Wiki moja kijana alikwenda ufukweni akakaa kivulini na simu yake. Ami akakataa kutia sahihi. "Sahihi yangu si peremende," alimwambia. Kijana alinuna mpaka chakula cha usiku kikampita, lakini wiki iliyofuata alirudi nyumbani ananuka petroli.

Kisha safari: siku mbili na usiku mmoja, kwa miguu, wakijipikia wenyewe. Walikwenda upande wa Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke. Kule kuna ndovu, kwa hivyo askari wa wanyamapori walifuatana nao. Shule ilitaka begi la mgongoni la kambi na bei za madukani zikanishinda, nikamshonea la turubai, mikanda nikaitoa kwenye viti vya gari bovu. Wenzake wakaja kuagiza. Ugali waliuunguza, ng'onda, samaki mkavu niliyomfungia, ndiyo iliyowaokoa. Alirudi na hadithi ya sange mwenye tako la manjano, mnyama asiyepatikana popote duniani ila pwani ya Kenya. Amezaliwa hapa hapa na hakuwahi kumwona.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya shule, si mpango: barua ya gharama za safari ilitufikia siku zimebana, na mama wenye mabinti walilazimika kupiga simu kuuliza ni mwalimu gani wa kike atakayelala kambini. Hilo lilitakiwa liandikwe mstari wa kwanza. Jirani yangu alimzuia binti yake, na simlaumu.

Mzazi mwenye mtoto aliyefika miaka 14, mwandikishe sasa. Akingoja mwaka wa mwisho wa sekondari, mtihani utamkuta njiani. Ila akikwama si mwisho, maana umri unaruhusiwa hadi 24, anaweza kuendelea akishamaliza shule. Wangu yuko ngazi ya Fedha sasa, ambako safari ni siku tatu na kulala mara mbili. Mabegi ya turubai bado nashona, ya kijani na ya buluu. Mikanda njoo nayo, lile gari bovu limekwisha viti.