COI au Tpi: jeni ipi imtambue kiwavijeshi vamizi?

Kiwavijeshi vamizi, kiwavi wa nondo anayeshambulia mazao, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016, ana aina mbili zisizotofautishika kwa macho: ya mahindi na ya mpunga. Hapo ndipo vinasaba huingia.

Jeni ya COI imo kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati. Kila seli ina nakala zake nyingi, hivyo hata mguu mkavu wa nondo hutosha. Ila hurithiwa kwa mama tu; chotara atasomeka kama mamaye, baba asionekane kabisa.

Jeni ya Tpi imo kwenye kromosomu Z, mojawapo ya kromosomu za jinsia. Kuisoma kuna kazi kidogo, maana dume hubeba nakala mbili, lakini zikitofautiana, uchotara umefichuka. Barani Afrika, viwavi wengi waliookotwa kwenye mahindi COI iliwaita wa mpunga, Tpi ikakanusha.

Kwa swali la aina, mimi naiamini Tpi. COI ithibitishe spishi.