Kuskusi ya Samaki Mjini Trapani: Uzoefu Wangu wa Chakula cha Jioni cha Kisisilia

Nimekwenda Sisilia, kisiwa cha Italia, mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa Palermo, nikajishibisha kwa vitafunio vya barabarani kabla hata jua halijatua. Mara ya pili, mwezi Oktoba uliopita, nilifika Trapani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa, kwa nia moja tu ya kula kuskusi ya samaki, yaani chembe za suji zilizopikwa kwa mvuke na kurowekwa kwa supu ya samaki, usiku, mezani, bila haraka. Tulikula katika mkahawa mdogo wa familia karibu na bandari, ambao sitautaja kwa jina, kwa sababu pamoja na sifa nyingi nina lawama moja nzito.

Anayekusudia kula kuskusi hii na aelewe kwanza kwamba haiagizwi papo kwa papo. Tulipiga simu asubuhi, na mama mpishi alitaka kujua tutakuwa watu wangapi kabla hajakubali kutupikia. Suji ya ngano ngumu hutiwa kidogo kidogo katika bakuli pana la udongo ambalo wenyeji huliita mafaradda, ikanyunyiziwa maji yenye chumvi, kisha ikazungushwa kwa ncha za vidole mpaka zitokee chembe ndogo ndogo. Chembe hizo hupikwa kwa mvuke katika chungu chenye matundu, kilichokalishwa juu ya chungu kingine cha maji, na pale vyungu viwili vinapokutana huzibwa kwa ukanda wa unga uliokandwa ili mvuke usipate pa kutokea. Aliyewahi kuziba mdomo wa sufuria ya biriani kwa unga ataitambua mbinu hii mara moja. Ikiiva, baada ya saa moja na nusu hivi, kuskusi hurowekwa kwa supu ya samaki, ikafunikwa kwa blanketi na kuachwa itulie. Kwa maoni yangu, huko kutulia ndiko kunakoitofautisha kuskusi ya nyumbani na ile inayopashwa moto haraka haraka kwa ajili ya wageni, kwani chembe huinywa supu polepole, zikavimba bila kushikana.

Yetu ililetwa kwenye sinia moja la udongo, ikifuka moshi, rangi yake ikiwa kati ya dhahabu na hudhurungi. Nilionja kijiko cha kwanza kikavu, bila mchuzi wowote, nikakuta ladha ya lozi zilizopondwa na kitunguu saumu, na nyuma yake bahari yenyewe. Pembeni tuliwekewa bakuli la supu nzito ya nyanya yenye vipande vya chewa, mkunga, na samaki wadogo wa mwambani wenye miiba mingi, ambao kazi yao ni kutoa utamu wao wote ndani ya supu. Mama mpishi alitoka jikoni mwenyewe akatuonyesha kwa mkono kwamba supu huongezwa upawa mmoja mmoja, kila mtu kwenye sahani yake, wala haimwagwi yote kwa pamoja. Tulifuata agizo lake, na kuskusi ikabaki chembechembe hadi kijiko cha mwisho.

Si ajabu kuikuta kuskusi hapa: Tunisia iko ng'ambo ya maji, kiasi cha kilomita 150 tu, na ni huko Mazara, kusini ya Trapani, ambako majeshi ya Waarabu yaliteremka mwaka 827. Kwa msemaji wa Kiswahili, athari hiyo ya Kiarabu inasikika hadi kwenye orodha ya vyakula. Zafarani wao huiita zafferano, na mzabibu mtamu wa kisiwa cha Pantelleria unaitwa zibibbo, neno lililotoka kwenye chemchemi ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi zabibu. Nilifurahi kwa dhati kulisoma neno hilo mbali hivyo na kwetu.

Kabla ya kuskusi tulikula vyakula viwili. Caponata, yaani biringani za kukaanga zilizopikwa pamoja na selari, zeituni na matumba ya kapari katika mchuzi wa siki na sukari, ililetwa ikiwa imepoa, kama ipasavyo, maana siki na sukari huhitaji muda kupatana. Chakula cha pili kilikuwa tambi za busiate, zilizosokotwa kama kamba ya simu ya zamani, zikiwa na pesto ya Trapani, ambayo husagwa mbichi kinuni: nyanya, lozi, mrehani, mafuta ya zeituni, na kitunguu saumu chekundu cha Nubia, kijiji kilicho kando ya mashamba ya chumvi. Zilikuwa nzuri sana, lakini sahani moja inatosha watu wawili, na anayeimaliza peke yake atafika kwenye kuskusi akiwa hana tena nafasi. Mwenzangu alifanya kosa hilo.

Lawama yangu inahusu kitindamlo. Sili nguruwe, na nilikuwa nimesoma kwamba maganda ya kanoli, kitindamlo cha ganda la unga lililokunjwa kama bomba na kujazwa jibini tamu, kwa desturi hutiwa mafuta ya nguruwe na divai. Nilimwuliza mhudumu kwa upole, naye akanijibu kwamba hakuna, bila kwenda jikoni kuuliza. Kanoli ilikuwa imeshafika mezani, jibini laini ya maziwa ya kondoo ikichungulia pande zote mbili, pale mama mpishi alipopita na kutusikia tukiizungumzia. Aliiondoa sahani kabla sijaigusa, akaniambia wazi kwamba mafuta yake ni ya nguruwe, na akamkemea kijana yule mbele yetu. Swali la namna hii lapaswa kupelekwa kwa mpishi, na mhudumu asiyejua ana wajibu wa kusema kwamba hajui. Kwa ajili ya kosa hilo nimewapunguzia nyota moja kati ya tano.

Badala yake mama aliniletea kikombe cha scursunera, barafu laini inayotengenezwa kwa maji yaliyolowekwa maua ya asumini, ambayo Trapani inasifika nayo. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, na ilinukia kama ua la mbele ya nyumba yetu baada ya Magharibi. Nilipoulizia bei yake wakati wa kulipa, nilikuta haikuandikwa kwenye hesabu.